Miaka thelathini tumelala na jiko la mkaa, kwa nini leo lituumize?

*Swali:* "Nina miaka 73, mstaafu, naishi na mke wangu mwenye miaka 69 hapa Mafinga. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma na bati, tuliijenga wenyewe miaka ya themanini. Mwezi wa tano kijana wetu aliyeko Dar es Salaam alitufanyia ukarabati: katoa madirisha ya mbao kaweka ya aluminiamu, kapiga dari ya jipsamu nyumba nzima, na milango imewekewa raba chini ili baridi isiingie. Tangu mwezi wa sita tunaamka vichwa vinauma, mama anapata kizunguzungu na kichefuchefu, lakini ikifika saa sita mchana tunakuwa wazima. Malaria tumepima mara mbili, hakuna. Presha ya mama haitulii, na siku hizi anasahausahau. Wiki iliyopita paka wetu, ambaye hulala karibu na jiko, tulimkuta asubuhi miguu imelegea na anatapika. Tukamtoa juani, mchana akawa anatembea. Jirani mmoja anasema tunakabwa na jinamizi, mwingine anasema ni rangi mpya ya ukutani. Yupo aliyesema ni jiko la mkaa, lakini sisi tumelala na jiko chumbani zaidi ya miaka thelathini kila kipupwe. Tunahakikisha mkaa umekolea hauna moshi, na beseni la maji tunaweka. Je, inawezekana ni jiko? Na kama ndilo, tutalalaje na baridi hii?"

*Jibu:*

Shikamoo mzee wangu, na mama naye mfikishie shikamoo yangu. Kabla ya maelezo yoyote, naomba mambo mawili yafanyike leo, usisubiri kumaliza kusoma. Jiko lisiingie chumbani usiku wa leo, hata kama mkaa umekolea namna gani. Na mama aende hospitali leo hii, asingoje kesho, pamoja na wewe mwenyewe. Mkifika, maneno ya kwanza kumwambia daktari yawe haya: "Tumekuwa tukilala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa." Usianze na kichwa wala presha. Nitaeleza huko mbele kwa nini nasisitiza mpangilio huo.

Sasa swali lako. Ndiyo, inawezekana, na kwa jinsi ulivyoeleza, jiko ndilo ninalolishuku kuliko kitu kingine chochote. Jinamizi huja kwa mtu mmoja akiwa nusu usingizi, haliwaumizi watu wawili vichwa kwa mkupuo mmoja na paka juu yake. Rangi mpya inaweza kuuma kichwa, lakini rangi iliyopakwa mwezi wa tano huwa inapungua harufu kadiri siku zinavyokwenda, ilhali ninyi mnazidi kuumwa kadiri baridi inavyozidi. Malaria ingekuja na homa, na isingekuwa na adabu ya kuondoka kila siku saa sita mchana. Ugonjwa unaowapata wote wanaolala nyumba moja, unaokuja alfajiri, usio na homa, na unaokwisha mkitoka nje, huo uko kwenye hewa ya nyumba.

Hoja yako kubwa ni ya miaka thelathini, na ni hoja ya mtu mwenye akili. Mimi kazi yangu ni bwana afya, nimeisikia mara nyingi kwa wazee wa Mafinga, Njombe na Makete, na siwezi kuipuuza. Kweli mlilala na jiko miaka yote hiyo mkaamka. Lakini jiko ni lilelile na mkaa ni uleule. Kilichobadilika ni nyumba.

Nyumba ya tofali na bati, isiyo na dari, ilikuwa na mwanya pale ukuta unapokutana na kenchi za paa, kuzunguka nyumba nzima. Madirisha ya mbao hayakuwahi kukaa sawasawa kwenye fremu. Chini ya mlango mtu angeweza kupitisha vidole. Ile baridi mliyokuwa mnailalamikia kila mwaka ndiyo iliyokuwa inafukuza sumu ya jiko usiku kucha. Mlikuwa mnapunjwa joto, mnaachiwa uhai. Kijana akaja, kwa mapenzi yake, akaziba juu kwa jipsamu, akaziba pembeni kwa aluminiamu na silikoni, akaziba chini kwa raba. Ukitaka kuhakikisha, kesho asubuhi tazama vioo vya chumba cha kulala kabla jua halijavipiga. Ukikuta vinatoka jasho na maji yanatiririka mpaka kwenye reli ya dirisha, huo ni mvuke wa pumzi zenu watu wawili uliokosa pa kutokea. Kama mvuke haukutoka, na hewa ya jiko haikutoka.

Jambo la pili lililobadilika ni ninyi. Mtu wa miaka arobaini ana akiba. Moyo ukiona oksijeni imepungua unaongeza mwendo, mambo yanaenda. Mtu wa miaka sabini mwenye presha, moyo wake hauna akiba hiyo. Na kama damu yenyewe ni pungufu, jambo la kawaida kwa wazee, ndiyo kabisa. Ongeza na mahali mnapoishi: Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kila pumzi mnayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na anayopata kijana wenu kule Dar es Salaam. Mwili umezoea, lakini mnaanza usiku mkiwa na kidogo, kisha jiko linakuja kunyang'anya hichohicho.

Linanyang'anyaje? Mkaa ukiungua kwenye hewa ya kutosha hutoa kaboni dayoksaidi, ileile tunayotoa tukipumua. Hewa ikiwa haba, na hata katikati ya jiko lenyewe pale makaa yanapobanana, hutoka gesi nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Vile vimiali vya bluu vinavyochezacheza juu ya makaa mekundu ni gesi hiyohiyo inawaka. Isipowaka inabaki chumbani. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo wala macho. Ukishaivuta inaingia kwenye damu na kushika himoglobini, chembe zinazobeba oksijeni. Fikiria daladala: viti ni vya oksijeni, inapanda mapafuni, inashuka kwenye ubongo, moyoni, miguuni, kiti kinabaki wazi kwa abiria mwingine. Kaboni monoksaidi inang'ang'ania kiti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ikikaa haishuki upesi. Gari linazunguka limejaa, lakini abiria aliyetakiwa kufika hajapanda. Ubongo unaanza kulalamika kwa kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, mawazo kuvurugika. Aliyelala halalamiki, anapitiliza tu. Ndiyo maana kila kipupwe huku kwetu hazikosi habari za familia iliyokutwa asubuhi kitandani, shuka hata halijavurugika.

Mtu akitoka kwenye hewa safi, gesi hii inapungua damuni kwa nusu katika muda wa saa nne hadi sita hivi. Sasa hesabu: mnaamka saa kumi na mbili, mnafungua milango, mnakaa nje mnaota jua, saa sita mchana nafuu imekuja. Usiku mnarudi kujaza upya.

Sasa niyapitie yale mnayoyategemea ninyi na wenzenu wa huku, maana hapa ndipo watu wengi makini huponzwa.

Mkaa kukolea. Moshi ni kitu kingine na kaboni monoksaidi ni kitu kingine. Mkaa uliokolea umeondoa moshi unaokera, yaani umeondoa kile kilichokuwa kinawashtua mtoke nje. Gesi inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizimike. Hata mkaa wa miwati, ule mzito unaosifiwa, tofauti yake ni kukaa na moto muda mrefu zaidi, maana yake na gesi inatoka muda mrefu zaidi. Mkaa mbadala wa kufinyanga, unaotangazwa kuwa hauna moshi, vivyo hivyo. Na ile tabia ya kufukia makaa kwa majivu ili yadumu hadi alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu unaunyima moto hewa makusudi.

Beseni la maji. Sijui nani aliianzisha hii, lakini imeenea kuanzia Tukuyu hadi Ilula. Kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Beseni linapunguza ukavu wa hewa, basi.

Kulala kitanda kilichoinuka juu, kwamba sumu ni nzito inakaa chini. Gesi hii ni nyepesi kidogo kuliko hewa ya kawaida na inachanganyika chumba kizima. Juu ya kitanda na chini ya kitanda ni mamoja.

Kunywa maziwa asubuhi. Maziwa ni chakula kizuri, mnywe. Sumu iliyoingia kwa mapafu haitolewi na tumbo.

Kuacha dirisha wazi kidogo. Hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana nalijadili kwa uangalifu. Upenyo unapunguza gesi, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba upenyo wa vidole viwili unatosha usiku wa leo. Upepo ukigeuka, au mama akaona baridi akaamka kulivuta dirisha, hesabu imeharibika na ninyi mmelala. Kwenye chumba cha kulala simkubalii mtu jiko la mkaa kwa sharti la dirisha. Kwa jiko lililoko sebuleni mkiwa macho nitakubali kwa shida, nitaeleza.

Turudi hospitali. Nimesema mtaje jiko kwanza kwa sababu moja ambayo hata baadhi ya wahudumu huisahau wakiwa na foleni ndefu. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni hakiwezi kutofautisha kiti kilichokaliwa na oksijeni na kiti kilichokaliwa na kaboni monoksaidi. Kitaonyesha 97 au 98, na mtaambiwa oksijeni iko vizuri. Kipimo kinachojua tofauti ni cha damu na mashine yake haipo kila hospitali, kwa hiyo maelezo yenu ndiyo kipimo cha kwanza. Daktari akishajua, matibabu yenyewe yanaeleweka: oksijeni nyingi kwa barakoa ya uso, ambayo inaifukuza gesi kwa saa moja hadi moja na nusu kwa kila nusu, badala ya zile saa nne hadi sita. Kama mmefika mchana na nafuu imeshakuja, huenda msihitaji oksijeni, ila moyo wa mama uangaliwe kwa kipimo cha umeme wa moyo. Presha yake pia inataka kutazamwa upya baada ya siku kadhaa za kulala kwenye hewa safi, na dawa zake zisibadilishwe kwa kukisia kabla ya hapo.

Kusahausahau kwa mama kusichukuliwe tu kuwa ni uzee. Sumu hii inaweza kuacha athari kwenye ubongo, na wakati mwingine athari hujitokeza wiki kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshasema amepona: kusahau, hasira zisizo na sababu, mwendo kuwa mzito. Mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Mwambie daktari ilianza lini, na kijana naye aambiwe aulize kila anapopiga simu, kwa sababu ninyi mnaoishi pamoja mnazoeana na hamwoni mabadiliko.

Na ikitokea siku umekuta mtu chumbani hajitambui, kwako au kwa jirani: vuta pumzi ukiwa nje, fungua mlango na madirisha yote, mburute atoke nje kwanza. Jiko baadaye. Usimmwagie maji, usimpe kitu kinywani, mlaze ubavu akiwa anapumua, mkimbize hospitali. Ukiona huwezi kumvuta peke yako usibaki humo ndani unahangaika naye, toka upige kelele watu waje. Zimamoto ni 114.

Haya, baridi. Siwezi kumwambia mtu wa Mafinga mwezi wa saba atoe jiko halafu niishie hapo, maana baridi nayo inaua wazee, tena polepole bila kelele. Kuna asubuhi ukienda upande wa Makete unakuta majani ya viazi yameungua kwa sakitu. Mwili wa mzee hautengenezi joto kama zamani na hauhisi baridi upesi, kwa hiyo hoja siyo kuvumilia. Ila napenda tutenganishe mambo mawili: kupasha chumba moto, na kumpasha mtu aliyelala moto. La kwanza ni ghali na gumu. La pili ni rahisi, na usiku ndilo mnalolihitaji.

Anzeni na chini. Watu huongeza mablanketi juu wakasahau kwamba godoro la sponji likishachoka linabonyea pale kiuno kinapolala, na baridi inapanda kutokea chini. Blanketi moja zito litandikwe chini ya shuka, na mtaona tofauti usiku wa kwanza. Juu, mablanketi mawili mepesi yanashinda moja zito, kwa sababu joto linashikwa na hewa iliyopo katikati, na kifua cha mzee hakilemewi. Kofia ya sufu kichwani, soksi miguuni ambazo hazibani, sweta nyepesi. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa nje, hata shibri mbili.

Kisha mpira wa maji ya moto, ule unaouzwa maduka ya dawa. Maji yasiwe yanachemka, toa hewa kabla ya kufunga, uvike kitambaa, uweke kitandani nusu saa kabla ya kulala kisha uusogeze miguuni. Tahadhari yangu ni moja tu na ni kali: mwenye kisukari au aliyekufa ganzi miguuni atoe mpira kabla hajapanda, kwa sababu ataungua na hatajua mpaka asubuhi aone lengelenge. Na mpira uliopasukapasuka shingoni ni wa kutupa, si wa kufunga kwa kamba.

Jiko la mkaa lina nafasi yake jioni. Liwashwe nje hadi likolee, liingizwe sebuleni mkiwa macho, mlango wa nje ukiwa wazi na dirisha la upande wa pili limefunguliwa ili hewa ipite. Mkianza kusinzia kwenye kochi, muda wake umekwisha, litoke. Likitoka lisiachwe barazani chini ya dirisha la chumba cha kulala, wala karibu na mabanzi ya kuni. Kwa upepo wa huku cheche moja inatosha. Ukiniuliza kama hata hivyo ni salama kabisa, sitakuambia ni salama. Nitakuambia ni nafuu kubwa kuliko mnachofanya sasa, na kwamba mama mwenye presha akae upande wa mlango.

Hita ya umeme haitoi gesi yoyote, na kwa chumba kidogo kilichozibwa kama chenu inafanya kazi vizuri. Ile ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa. Kuiwasha saa mbili kabla ya kulala na kuizima ni uniti mbili kwa siku, takriban 60 kwa mwezi, na kama mmewekwa kwenye bei ya wale wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, mtavuka na bei ya kila uniti itapanda. Pigeni hesabu na kijana, huenda akaona ni bora kulipa hiyo kuliko nauli ya kuja msibani. Hita ichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba za dukani zinayeyuka kwa mzigo huo, na nyaya za nyumba ya miaka ya themanini zikaguliwe na fundi umeme kwanza. Mtungi wa gesi wenye kichomeo siupendekezi chumbani, una matatizo yaleyale ya mkaa hewa ikipungua.

Kuhusu nyumba yenyewe, usikubali mtu akuambie mng'oe madirisha ya aluminiamu. Kijana amefanya jambo jema, limebaki robo. Mwite fundi aliyezoea nyumba za huku, mwambie unataka matundu ya hewa ya kudumu kwenye kila chumba cha kulala: tofali moja lenye matundu juu karibu na dari, jingine chini upande wa pili wa chumba. Hewa ya joto na chafu inatoka juu, safi inaingia chini. Yawekewe wavu wa mbu kwa ndani na wavu wa chuma kwa nje, vinginevyo panya watahamia. Tundu la chini lisielekee kichwani mwa kitanda, la sivyo mama atalijaza matambara usiku wa pili, na tundu lililojazwa matambara halina maana. Ile raba ya chini ya mlango wa chumba itolewe, ya mlango wa nje ibaki.

Kama uwezo upo, njia ya kudumu kwa nyanda zetu hizi ni moto wenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje. Nyumba nyingi za zamani za mashamba ya chai ya Mufindi zilijengwa na mahali pa moto sebuleni, na waliozijenga walijua baridi ya huku. Mafinga hamkosi kuni, na mabanzi ya misindano yamejaa kila kiwanda cha mbao. Jiko la chuma lenye mlango na bomba linatoa joto ndani na hewa yake chafu inakwenda nje. Lakini dohani mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana inampa mtu imani. Bomba lipite juu ya mgongo wa paa, siyo kuishia chini ya fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, ambako upepo unarudisha moshi ndani. Linapopita kwenye dari na kenchi lisiguse mbao, pawe na nafasi na bati la kukinga. Liwe na kofia juu. Kuni za msindano zikiwa mbichi zinaacha lami nyeusi ndani ya bomba, na lami hiyo ndiyo inayoshika moto siku moja. Zikaushwe vizuri, na bomba lifagiliwe kila mwaka kabla ya kipupwe, pamoja na kutoa viota vya ndege. Fundi atakayekuambia haya yote hayana haja, mshukuru umwache aende.

Vipo pia vifaa vidogo vya betri vinavyolia kaboni monoksaidi ikizidi. Kijana anaweza kutafuta huko mjini au kuagiza. Asome vizuri anachonunua, kwa sababu king'ora cha moshi hakigundui gesi hii, na vinafanana. Kifaa hiki si ruhusa ya kuweka jiko chumbani. Ni cha nyumba yenye dohani au mahali pa moto.

Paka wenu naye. Amelala karibu na jiko, mwili wake mdogo, anapumua harakaharaka kuliko ninyi, lazima atangulie kulegea. Wachimbaji wa makaa ya mawe kule Uingereza walikuwa wakiingia mgodini na ndege wadogo kwenye vizimba kwa sababu hiyohiyo, na hawakuiacha desturi hiyo kabisa hadi mwaka 1986. Ila msije mkamfanya paka kipimo. Paka hutoka na kuingia, na paka mzima hathibitishi chumba kizima. Na kwa haki yake, yapo maelezo mengine ya paka kulegea na kutapika, hasa kama jirani ametega sumu ya panya. Aliyekula sumu za panya zile za kawaida hapati nafuu kwa kuota jua saa chache. Huchelewa siku kadhaa kisha huanza kuvuja damu puani au kwenye fizi. Aliyekula dawa ya wadudu hutokwa mate na kutetemeka. Mkiona lolote kati ya hayo, au asipokula kwa siku nzima, mpelekeni kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, na mmweleze habari ya jiko pia. Usiku mwekeeni boksi lenye gunia au sweta kuukuu sebuleni. Atalalamika siku mbili tatu, kisha atahamia kwenye mpira wa maji ya moto, na makucha yake ni sababu nyingine ya kuuvika mpira kitambaa kizito.